Amplifaya Bado Haina Kesi ya Kujibu

*Nina BMW 525i ya mwaka 2006 yenye muziki wa Logic7, niliagiza Japani. Sauti ilianza kukata na kurudi, na tangu mvua ya juzi haijarudi kabisa. Skrini inawaka, redio inaonyesha stesheni, CD inazunguka, lakini spika zote kimya. Hata ile milio ya kukumbusha mkanda siisikii. Fundi wa mtaani anasema amplifaya imeungua, ninyofoe kila kitu nifunge redio ya Android na amplifaya mpya. Bei tumeshaelewana, ila moyo unasita. Nifanyeje?*
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Moyo wako uusikilize, na hela usiitoe kwanza.

Umefanya vizuri kutaja Logic7. Gari kama lako likiwa na redio ya kawaida, sauti inatoka kwenye redio yenyewe, na nimeshasikia mafundi wakiihukumu amplifaya ambayo haimo kabisa garini. Kwako imo, nyuma ya kitambaa cha buti upande wa kushoto. Lakini muziki hauifikii kwa waya wa shaba. Unafika kwa faiba, uzi mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu, na faiba hiyo ni mduara: inatoka kwenye redio, inapita kifaa kimoja hadi kingine, kisha inarudi kwenye redio. Ni kama watu waliosimama duara wakipokezana ndoo ya maji. Mmoja akizimia, wote wanakosa maji, na anayelalamika kwa sauti kubwa huwa siye aliyezimia.

Ndiyo maana dalili zako hazitoshi kuishitaki amplifaya. Skrini, redio na CD vinaendeshwa na kisanduku kimoja kule mbele, kwa hiyo kuwaka kwake hakukuelezi lolote kuhusu yanayoendelea kwenye buti. Mimi mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kisanduku cha Bluetooth ya simu, ambacho mara nyingi kinakaa buti hilo hilo. Kina tabia ya kufa kimyakimya, kikakata mduara mzima na mara nyingine kikanyonya betri usiku.

Anza na betri, maana ni bure. Gari likiwa limelala usiku kucha, mita isome volti 12.4 au zaidi. Injini ikiwaka, iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Betri ikichoka, gari la aina hii linaanza kuzima vitu lenyewe, na muziki uko mstari wa mbele. Ukibadilisha betri, mwambie mwenye kompyuta aisajili kwenye gari, maana linachaji kulingana na umri wa betri linayoijua.

Baada ya hapo fungua buti, toa kitambaa cha kushoto, na ukandamize zulia kwa kiganja. Umesema ilikufa baada ya mvua, na mimi hilo silipuuzi. Maji huingilia kwenye mpira wa taa ya nyuma na yanatuama chini kabisa, mahali ambapo vifaa vya bei mbaya vimepangwa. Ukikuta unyevu, au chumvi ya kijani kwenye plagi, kausha na usafishe kwanza kabla hujapima chochote. Angalia pia fyuzi za buti, ziko upande wa kulia.

Sasa kazi yenyewe. Funguo ikiwa imewasha redio, chomoa plagi ya faiba kwenye kile kisanduku cha Bluetooth. Katika moja ya nyuzi mbili utaona mwanga mwekundu, unaonekana kwa macho matupu ukikinga kivuli. Mwanga ukifika na kifaa kikashindwa kuupeleka mbele, ama hakina umeme ama kimekufa. Kuthibitisha, tafuta kile kipande kidogo cha plastiki cha kuunganisha nyuzi mbili za faiba, wauza vipuri vya BMW wanacho na ni rahisi kuliko sehemu yoyote utakayonunua. Kichomeke mahali pa kisanduku, zima gari, lifunge, liache lilale, kisha liwashe. Sauti ikirudi, umempata mhalifu, na amplifaya yako ni nzima. Unaweza hata kuendelea hivyo bila simu mpaka upate kingine.

Isiporudi, rudisha kisanduku cha Bluetooth mahali pake, kisha rudia jaribio hilo kwenye amplifaya. Hapo usitegemee muziki, maana umemruka mwenye kuupaza. Unachotafuta ni vingine kuamka: simu irudi kwenye menyu, kwa mfano. Vikiamka, na amplifaya ina umeme na mwanga unaifikia, basi fundi wako alikuwa sahihi, ingawa kwa kubahatisha.

Hiyo faiba isikunjwe kwa nguvu. Mviringo wake usiwe chini ya milimita 25 kutoka katikati, na ncha zisiguswe na vidole vyenye grisi. Kuna watu wanaokata faiba na kuifunga kwa gundi ya umeme. Usimruhusu mtu kama huyo kufungua mlango wa gari lako.

Ikithibitika kuwa amplifaya imekufa, kabla ya kuweka nyingine pima waya za spika kwenye plagi yake. Kila jozi isome oms chache, na hakuna waya unaotakiwa kugusana na bodi. Shoti moja mlangoni inaweza kuua na hiyo mpya. Ya mtumba ilingane namba na yako, iwe ya Logic7, na baada ya kuifunga gari liandikiwe upya kwa kompyuta.

Kuhusu redio ya Android, swali langu kwako ni moja: unaitaka, au umeambiwa uitake? Kwenye gari hili, skrini na kitufe cha katikati vinabeba mipangilio mingi ya gari, siyo muziki tu. Kama shida yako ni kwamba redio ya Kijapani inaishia FM 90 na stesheni zako ziko juu ya hapo, kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, na dashibodi inabaki kama ilivyotoka kiwandani.