Maji Moto ya Bath: Ni Nini Kilichowaponya Wasafiri?

Katika mji wa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, maji yenye joto la kadiri ya digrii 46 za Sentigredi hububujika kutoka ardhini, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Warumi walijenga hekalu na mabirika ya kuogea mahali hapo katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kufikia karne ya 18 sehemu kubwa ya mji iliishi kwa kuwapangisha na kuwaburudisha wagonjwa, pamoja na wale waliojidhania kuwa wagonjwa. Utalii wa afya wa siku hizi una mizizi yake katika miji ya namna hii. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza miji 11 ya Ulaya ya maji ya tiba, Bath ukiwa mmojawapo, kuwa urithi wa dunia.

Maji hayo ni mvua ya kale iliyozama katika miamba ya chokaa, ikapata joto kilometa kadhaa chini ya ardhi, kisha ikapanda kupitia nyufa. Hapana volkano hapo, tofauti na Bogoria nchini Kenya. Njiani maji huyeyusha kalsiamu, salfeti na madini mengine, jumla kadiri ya gramu mbili kwa lita. Waganga wa zamani waliamini kwamba madini hayo ndiyo dawa.

Miongoni mwa wagonjwa wa hospitali ya mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1742, walikuwamo wapaka rangi na mafundi wa mabomba waliopooza kwa sumu ya madini ya risasi. Kumbukumbu za hospitali zaonyesha kwamba wengi wao walipata nafuu. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwachunguza watu waliokaa majini hadi shingoni. Yafaa ikumbukwe kwamba kanieneo ya maji huongezeka kadiri ya kina. Mita moja chini, nyongeza hiyo ni kama sehemu ya kumi ya kanieneo ya hewa. Basi damu husukumwa kutoka miguuni kuelekea kifuani, mwili huhisi kana kwamba una damu ya ziada, na figo hutoa maji na chumvi kwa wingi, na risasi pamoja nayo. Gramu mbili za madini haziongezi kanieneo hiyo ila kwa kiasi kidogo mno. Maji safi ya bomba yaliyopashwa moto yangeleta msukumo ule ule. Zaidi ya hayo, fundi aliyelazwa Bath alikuwa mbali na risasi kwa majuma mengi. Kwake safari yenyewe ilikuwa tiba, jambo ambalo matangazo ya utalii hayana haja ya kulitaja.

Mwaka 1978 msichana mmoja aliyeogelea katika maji ya chemchemi hizo alifariki. Aliuawa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye hustawi katika maji baridi (yasiyo ya chumvi) yenye uvuguvugu. Amiba huyo hadhuru akinywewa. Huingia puani, akafuata mshipa wa fahamu wa kunusa hadi ubongoni, na ni wachache mno waliopona. Uogaji ukasimamishwa. Visima vipya vilichimbwa ili kuyachota maji kutoka kina kikubwa, kabla hayajapita katika tabaka za juu zenye vijidudu, na mwaka 2006 jengo jipya la kuogea likafunguliwa. Birika la Warumi lingali limejaa maji ya kijani. Wageni hulitazama, lakini hukatazwa kuyagusa maji yake.