Fizikia ya Mpemba

Fungueni kitabu cha fizikia. Newton, Boyle, Ohm, Wazungu watupu! Lakini kuna jambo moja la fizikia lenye jina la kijana wa Afrika Mashariki, na aliligundua akiwa kidato cha tatu.

Mwaka wa 1963 Erasto Mpemba alikuwa akisoma Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe ndipo uyaweke kwenye friji. Siku hiyo nafasi iling'ang'aniwa. Mwenzake aliweka maziwa bila kuyachemsha, naye Mpemba akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, yale mengine bado ni uji uji. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Basi darasa likapata mchezo: akikosea hata hesabu, ni hesabu ya Mpemba. (Wacheka wenzao hata kwetu wamo!) Siku moja akaja Dkt. Denis Osborne kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama, akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 hutangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35. Wenzake wakacheka. Osborne akatabasamu, akamwomba arudie swali, na aliporudi Dar akaagiza lijaribiwe. Ya moto yakatangulia. Makala yao wawili ilichapishwa mwaka wa 1969, Mpemba akiwa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi.

Sababu ni nini? Wengine husema ni mvuke, wengine mzunguko wa maji chomboni. Shindano la Uingereza la mwaka wa 2012 lilipata majibu zaidi ya 22,000. Mwaka wa 2016 Burridge na Linden walipima, wakasema hawaoni kitu. Mwaka uliofuata wanafizikia wa nadharia, Zhiyue Lu na Oren Raz, wakaonyesha kwa hesabu kwamba kitu cha moto chaweza kupata njia ya mkato ya kupoa, ambayo cha vuguvugu hakiipati.

Hapa Eldoret tuko kama mita 2,100 juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka yakifika kama nyuzi 93 tu. Si neno. Katika vipimo vya Osborne, hata ya nyuzi 90 yaliwahi kuliko ya 25. Mwenye friji pale Elgon View atie vikombe viwili vya kiasi sawa, aandike saa, atuletee majibu. Stima ikipotea, aanze upya.