Kwinini: Uchungu Si Kipimo cha Dawa

Juzi mkulima mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na kipande cha gome la mti mfukoni. Mtoto wake alikuwa na homa siku ya pili. Akaniuliza, "Bwana karani, gome hili ni chungu kama kwinini. Je, nikilichemsha nimpe mtoto, halitamfaa?" Nilimwambia ampeleke mtoto dispensari saa ile ile, naye akaenda. Lakini swali lake wengi wanalo, kwa hiyo leo nalijibu hapa.

Kwinini hutoka katika gome la mti uitwao sinkona. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 mapadre Wajesuti walilipeleka gome hilo Ulaya. Watu walilisaga, wakanywa unga wake katika divai. Wengine walipona, wengine hawakupona, kwa maana hakuna aliyejua mna dawa kiasi gani katika unga ule. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa kwinini peke yake katika gome. Tangu hapo daktari aliweza kuipima kwa mizani.

Sasa tazameni habari za mbegu. Huko Bolivia alikuwako mwenyeji mmoja, Manuel Incra Mamani, mtumishi wa mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mamani alijua kuchagua mti ulio bora. Alingoja miaka kadhaa, maana baridi kali iliharibu maua, hata mwaka 1865 akamletea bwana wake mbegu. Baadaye, alipokwenda kutafuta nyingine, alikamatwa akapigwa, akafa kwa mapigo hayo.

Mbegu zilipofika London, serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi wakanunua kama ratli moja, wakazipanda katika kisiwa cha Java. Miti waliyokuwa nayo kwanza ilikuwa na kwinini kidogo sana. Katika miti hii mipya, gome la ratli 100 liliweza kutoa kwinini ratli 10 na zaidi. Kufikia miaka ya 1930, sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilitoka Java. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, majeshi ya Uingereza na Marekani yalipungukiwa na dawa hiyo.

Hata karibu nasi mti huu umepandwa. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, na huko Kivu, Kongo, wakulima wanaulima.

Tunajifunza nini? Mkulima ataona kwamba mbegu njema ni mali. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Miti ya sinkona hufanana, na magome yote ni machungu, walakini mmoja una dawa nyingi na mwingine karibu hauna. Ikiwa ni hivyo kwa sinkona yenyewe, je, gome la mti mwingine tu? Ulimi hauwezi kupima dawa. Ikiwa kidogo, malaria huendelea kumla mtoto huku wewe ukidhani unamtibu. Na kwinini ikizidi huleta mvumo masikioni, hushusha sukari ya damu na kudhuru moyo.

Siku hizi kwinini si dawa ya kwanza. Mgonjwa hupimwa damu, akionekana ana malaria hupewa vidonge vya dawa ya mseto. Aliyezidiwa hupigwa sindano ya atesuneti. Kwinini imebaki dawa ya akiba, nayo hutolewa na mganga wa hospitali.

Basi, mtoto akipata homa, usingoje kesho. Mpeleke akapimwe, na dawa atakayopewa aimalize yote, hata akianza kucheza siku ya pili. Mtoto wa yule mkulima alipimwa, akaonekana ana malaria. Alimaliza vidonge vyake, na sasa anachunga mbuzi.