Habari za Figo Litolewalo kwa Ndugu

Walimu wengine wametuuliza: mtu aliyepandikizwa figo, je, hajapona? Mbona angali akinywa dawa kila siku? Swali hili si dogo, maana wako walioziacha dawa kwa kuona nguvu zimerudi, na figo walilopewa likafa ndani yao.

Mtu ana mafigo mawili, nayo yakaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, kila moja kadiri ya ngumi. Kazi yao ni kuchuja damu. Kwa siku moja huchuja maji yapatayo lita 180, na karibu yote hurudi mwilini. Yatokayo ni kama lita moja na nusu tu, ndiyo mkojo. Kisukari na shinikizo la damu huyaharibu polepole, wala mwenyewe mara nyingi hasikii maumivu, hata miguu ikavimba na chakula kikamchukiza. Zamani huo ndio uliokuwa mwisho wake. Siku hizi damu yaweza kusafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, muda wa saa nne kila mara. Mgonjwa wa namna hii hupimiwa hata maji ya kunywa. Tusimwite mvivu.

Njia ya pili ni kupewa figo la mtu mwingine. Waliotangulia kufaulu walikuwa mapacha wa Marekani, Ronald na Richard Herrick. Richard alikuwa karibu kufa. Madaktari wa Boston, wakiongozwa na Joseph Murray, walitwaa kwanza kipande cha ngozi ya Ronald wakakishonea mwili wa Richard, nacho kikashika. Ndipo walipojua ya kuwa miili hii haitakataana. Usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa, mgonjwa alimpelekea ndugu yake kikaratasi, akimsihi aende zake nyumbani. Naye akajibu ya kwamba yupo, na atakaa. Wakapasuliwa tarehe 23 Desemba 1954. Richard aliishi miaka 8 tena, akaoa, akapata watoto.

Basi liangalieni neno hili. Figo lile lilipokelewa kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Sisi wengine sivyo. Mwili una walinzi wake, nao hawajui kuwa figo hili limetolewa kwa upendo. Waona ni geni tu, hulishambulia. Dawa zile huwalegeza walinzi hao, nazo zanywewa kila siku kwa saa yake, muda wote figo lifanyapo kazi. Tena, kwa kuwa walinzi wamelegezwa, maradhi humshika mtu huyu upesi. Mwenye mafua asiende kumsalimu, hata kama desturi yamdai. Wala asipelekewe mizizi na majani ya kunywa bila daktari kujua.

Kazi hii yafanyika Tanzania pia: Muhimbili ilianza Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Kwa hiyo jambo hili limefika mlangoni petu, na hapa yatupasa kuwa waangalifu. Ukoo ukiambiwa ndugu wa mgonjwa aweza kumfaa, wazee huketi wakaamua nani atoe, na mara nyingi huchaguliwa asiye na sauti: mdogo, au asiye na kazi. Figo si mchango wa msiba hata mtu atozwe. Mtoaji na aulizwe akiwa peke yake, mbali na jamaa; naye akikataa, asihesabiwe muuaji wa nduguye.

Akikubali, huwa na hofu ya kudhoofika. Figo linalobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Hata hivyo imempasa kupimwa damu, mkojo na shinikizo la damu mwaka kwa mwaka. Ronald Herrick, mwenye figo moja, alifundisha hesabu akalima na shamba. Alifariki mwaka 2010, umri wake miaka 79.