Dondoo muhimu: Kiongozi asiyetafuta makofi

Anza na mfuko wako. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Uamuzi wa kwanza unaweza kuubishia (mimi huubishia); wa pili ni vigumu kuusuta.

Kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ni vivyo hivyo. Mwenyekiti akichelewesha rejesho, alipe faini mbele ya wote, tena bila kuchekacheka.

Usiahidi mkopo ili upendwe. Kataa mapema, na sababu uitaje.

Hesabu usiyoielewa, muulize mweka hazina.

Ukisifiwa sana uchaguzi unapokaribia, kagua daftari la madeni.