SOMO LA WIKI: Bima ya umma inapolipia vipimo vya nyumbani

Mfanyabiashara wa vifaa vya hospitali hana budi kujua jambo moja kabla ya kuagiza mzigo: nani atalipa, na atalipa kwa masharti gani. Wiki hii tunajifunza kutoka soko la Marekani. Huko Medicare, bima ya umma ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya walemavu, hulipia ufuatiliaji wa mgonjwa akiwa nyumbani kwake.

Huduma yenyewe si ngumu kueleza. Mgonjwa wa shinikizo la damu, kwa mfano, hupewa mashine ya kujipimia. Kila anapojipima, matokeo husafiri yenyewe hadi kwa daktari kwa njia ya mtandao. Matokeo aliyoyaandika mgonjwa kwenye daftari hayalipiwi.

Malipo yamegawanywa katika mafungu matatu:

1. Kumwandalia mgonjwa kifaa na kumfundisha kukitumia. Fungu hili hulipwa mara moja tu.

2. Kifaa na upokeaji wa vipimo, kwa kila siku 30.

3. Muda wa daktari na wasaidizi wake wa kuvifanyia kazi vipimo hivyo na kuzungumza na mgonjwa, kwa kila mwezi.

Mafungu haya yalianza kulipwa mwaka 2019. Kwa kawaida fungu la pili lilidai vipimo vya siku zisizopungua 16 kati ya 30, na la tatu dakika zisizopungua 20. Mgonjwa akijipima siku 15, mtoa huduma alikosa fungu la pili, ingawa kifaa kilikaa kwa mgonjwa mwezi mzima.

Hata hivyo soko lilikua haraka. Malipo ya Medicare kwa huduma hii yalikuwa kiasi cha dola milioni 15 mwaka 2019. Mwaka 2022 yalizidi milioni 300, na mwaka 2024 yalizidi milioni 500.

Kuanzia Januari 1, 2026, bima hiyo imepanua mlango. Sasa vipimo vya siku 2 hadi 15 navyo vinalipiwa, na kwa kiwango kilekile cha siku 16. Dakika 10 za kazi pia zina malipo yake, kama nusu ya yale ya dakika 20. Anayefaidika ni mgonjwa aliyebadilishiwa dawa au aliyetoka wodini, ambaye anahitaji kuangaliwa kwa wiki moja au mbili tu.

Lakini upanuzi huu una hatari yake. Septemba 2024, Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani iliripoti kwamba kiasi cha asilimia 43 ya waliopata huduma hii hawakupata mafungu yote matatu. Ofisi hiyo ilisema pia kwamba Medicare haina taarifa muhimu, kama vile nani aliyeagiza huduma na ni vipimo gani vinavyochukuliwa. Kifaa kinaweza kutuma namba kila asubuhi, bima ikalipa, na asiwepo mtu wa kumpigia mgonjwa simu presha inapopanda.

Mgonjwa naye huchangia asilimia 20. Kwa viwango vya mwaka 2025, fungu la pili lilikuwa wastani wa dola 43 na la tatu dola 48, jumla dola 91. Mchango wake ulikuwa dola 18 hivi kila mwezi. Kwa mzee asiye na bima ya nyongeza, hiyo ni sababu tosha ya kurudisha mashine.

Msomaji anayefikiria biashara hii, popote alipo, ajiulize maswali matatu. Je, bima inalipia kifaa tu, au na mtu wa kusoma vipimo? Mgonjwa atachangia kiasi gani? Na masharti yakibadilika mwakani, mzigo ulioko ghalani utauzika?