Umechaji gari la stima kwa soketi ya mtu? Lipa hivi

Jumamosi mchana, Kenyatta Market. Umeagiza kilo ya mbuzi, na ukingoja iive unamwomba mwenye kibanda soketi moja. Gari lako la stima limebaki na chaji kidogo na unarudi Ngong. Anakubali. Baada ya saa mbili mnaangaliana: sasa ni ngapi? Yeye ameona tokeni zimeshuka, wewe unahofia kupigwa bei. Hesabu yenyewe si ngumu.

1. Jua uniti ulizotumia. Kwenye soketi ya kawaida, gari likivuta ampea 10 kwa volti 240, hiyo ni kilowati 2.4. Kwa saa mbili ni uniti 4.8. Usitegemee mita ya kibanda pekee, maana friji ya nyama nayo inakula stima hiyo hiyo.

2. Jua bei ya uniti. Mwombe akuonyeshe ujumbe wake wa mwisho wa tokeni. Gawanya pesa alizolipa kwa uniti alizopata. Kodi na tozo zote zimo humo. Tuseme alilipa shilingi 600 akapata uniti 20. Kila uniti ni shilingi 30, kwa hivyo zako 4.8 ni shilingi 144. Ukimpa 200, umemshukuru pia.

3. Lipa ukiwa umetulia. Unaweza kulipa kwa till yake: soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Au mnunulie tokeni: paybill 888880, akaunti ni namba ya mita yake. Tarakimu 20 za tokeni zitakuja kwa simu yako, kwa hivyo mtumie kabla hujaondoka. Ukikosea namba ya mita, utakuwa umemwashia mtu mwingine taa.

4. Mwenye kibanda, ngoja ujumbe wako. Picha ya skrini ya mteja si malipo. Angalia salio lako mwenyewe.

Hesabu ni hii hii hata ukisafiri na gari la kulala na kuomba stima kambini. Usitumie ekstensheni nyembamba. Ukiishika waya na imepata moto, chomoa.

Zaidi ya yote, semezaneni bei kabla ya kuchomeka. Soketi uliyopewa kwa roho safi leo, utaihitaji tena kesho.